Usafishaji wa kampaundi za kaboni

Usafishaji wa kampaundi za kaboni ni kazi ya kuitenga kampaundi moja ya kaboni na vitu vingine vilivyochanganyika nayo, hadi ibaki peke yake au karibu na peke yake. Ni sehemu ya kemia ya kaboni, iitwayo pia kemia ogania, na ndiyo inayochukua muda mwingi wa mkemia maabarani. Mmenyuko wenyewe unaweza kumalizika kwa saa moja, lakini kukitoa kile kilichopatikana katika mchanganyiko huo kukachukua siku mbili.

Njia kuu ni chache: kutengeneza fuwele, ukenekaji, uvutaji kwa vimumunyishi na kromatografia. Zote zimejengwa juu ya wazo moja. Kampaundi mbili hazilingani katika kila tabia; ikipatikana tabia moja ambayo zinatofautiana, kama vile kiwango cha kuchemka au namna zinavyomumunyika, tofauti hiyo hutumiwa kuzitenganisha. Pasipo na tofauti hakuna utengano, hata vyombo viwe vya thamani kiasi gani.

Maneno matatu yanahitaji ufafanuzi kwanza. Kiswahili cha kila siku hutumia neno "kuyeyuka" kwa mambo mawili: sukari huyeyuka katika chai, na siagi huyeyuka juu ya moto. Kwa mkemia hayo ni mambo tofauti kabisa, na wanafunzi wengi wamepoteza maksi kwa kuyachanganya. Katika makala hii "kumumunyika" ni kile kinachoipata sukari ndani ya chai, na "kuyeyuka" ni kile kinachoipata siagi. Kioevu kinachomumunyisha kitu huitwa kimumunyishi, na kinachopatikana ni mmumunyo. Neno la tatu ni "uchafu". Hapa si lazima uwe tope au takataka; ni kitu chochote kisicho kile kinachotakiwa. Chumvi iliyoingia katika sukari ni uchafu wa sukari, na sukari iliyoingia katika chumvi ni uchafu wa chumvi. Kwa hiyo "safi" haimaanishi nyeupe wala angavu. Methanoli, ambayo ni sumu, ni angavu kama maji ya kunywa.

## Kwa nini kampaundi hutofautiana

Atomu ya kaboni hufanya miungo minne na atomu nyingine, zikiwemo za kaboni, ndiyo maana kampaundi zake huhesabiwa kwa mamilioni. Zamani iliaminika kwamba kampaundi hizo huweza kutengenezwa na viumbe hai tu. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler wa Ujerumani alipata urea, kitu kinachopatikana katika mkojo, kutokana na chumvi isiyotoka kwa kiumbe hai, na imani hiyo ikaanza kufifia.

Kinachomhusu msafishaji ni nguvu zinazoshikamanisha molekuli moja na jirani yake. Mfano mzuri ni ethanoli, yaani alkoholi ya pombe, na dimethili etha. Kampaundi hizi zina atomu zilezile: kaboni 2, hidrojeni 6 na oksijeni 1. Uzito wa molekuli zao ni uleule, 46. Hata hivyo ethanoli huchemka kwenye 78 °C na dimethili etha huchemka kwenye −24 °C. Tofauti ya nyuzi zaidi ya 100 imetokana na mpangilio tu. Katika ethanoli hidrojeni moja imeungana na oksijeni, na hidrojeni ya namna hiyo huvutwa na oksijeni ya molekuli ya jirani. Mvuto huo huitwa muungo wa hidrojeni. Katika dimethili etha hidrojeni zote ziko kwenye kaboni, kwa hiyo molekuli hazishikani kwa nguvu, nazo huachana mapema na kuwa gesi.

Nguvu hizohizo huamua nini kitamumunyika wapi. Maji yamejaa miungo ya hidrojeni. Hupokea vizuri molekuli zinazoweza kujiunga na mtandao huo, kama sukari, na huzikataa zile zisizoweza, kama mafuta ya kupikia. Mafuta nayo humumunyika kwa urahisi katika petroli au heksani. Wakemia husema vinavyofanana humumunyishana. Kanuni hiyo si kamili, lakini mtu anayeianza kazi bila kuijua atapoteza vimumunyishi vingi.

## Kutengeneza fuwele

Kwa vitu vigumu hii ndiyo njia ya kwanza kujaribiwa, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama. Vitu vingi humumunyika zaidi katika kimumunyishi cha moto kuliko cha baridi. Asidi ya benzoiki, inayotumika kuhifadhi vyakula, ni mfano unaofundishwa sana. Mililita 100 za maji yanayochemka huweza kumumunyisha gramu 5.6 hivi za asidi hiyo. Maji hayohayo kwenye 25 °C humumunyisha gramu 0.34 tu.

Tuseme kuna gramu 5 za asidi ya benzoiki zilizochanganyika na gramu 0.2 za kitu kingine kinachomumunyika kwa kiasi hichohicho. Mchanganyiko wote ukimumunyishwa katika mililita 100 za maji ya moto kisha ukapozwa hadi 25 °C, maji yatabakiza gramu 0.34 za asidi, na gramu 4.66 zitalazimika kutoka zikiwa fuwele. Ule uchafu wa gramu 0.2 haujafikia kikomo chake, kwa hiyo unabaki ndani ya maji. Fuwele huchujwa na uchafu hupita na maji. Hapa uchafu na asidi vinamumunyika kwa kiasi sawa. Tofauti iliyotumika ni ya wingi: kimoja kipo kingi, kingine kidogo.

Fuwele yenyewe husaidia. Imejengwa kwa molekuli zilizopangwa kwa utaratibu, safu juu ya safu, na molekuli yenye umbo jingine haikai vizuri katika nafasi hiyo. Hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na molekuli inayostahili. Lakini utaratibu huo unahitaji muda. Mmumunyo ukipozwa ghafla kwa barafu, fuwele huwa ndogo kama vumbi na hufungia uchafu ndani yake. Chombo kinapaswa kuachwa mezani kipoe taratibu, na barafu itumike mwishoni tu.

Kosa linaloonekana zaidi shuleni ni kumimina kimumunyishi kingi ili kigumu kimumunyike haraka. Katika mfano wa juu, mtu aliyetumia mililita 300 badala ya 100 atabakiza zaidi ya gramu 1 ya asidi ndani ya maji, yaani moja ya tano ya alichokuwa nacho, na wengine hawapati fuwele hata moja. Dawa yake ni kuchemsha ili kupunguza maji na kuanza kupoza upya. Kimumunyishi huongezwa kidogo kidogo kikiwa cha moto, hadi kigumu kimalizike kumumunyika. Kama kuna takataka zisizomumunyika, huchujwa kungali moto. Kama kuna rangi isiyotakiwa, unga kidogo wa mkaa ulioamilishwa huweza kuinyonya. Fuwele zilizochujwa huoshwa kwa kimumunyishi baridi na kidogo, kwa sababu cha moto kitazimumunyisha tena.

Viwanda vya sukari ya miwa, kama vile vya Kilombero na TPC ya Moshi, hufanya kazi hii kwa tani nyingi. Maji ya miwa hutiwa chokaa ili sehemu ya uchafu igande na kuondolewa, kisha huvukizwa hadi yawe mazito. Hatua ya mwisho ya kuchemsha hufanyika katika vyombo vilivyopunguzwa hewa, ili maji yachemke kwa joto dogo na sukari isiungue. Fuwele zinapotokea, mashine zinazozunguka kwa kasi huzitenga na molasi, ile rojo nyeusi iliyobeba uchafu pamoja na sukari ambayo haikuweza kutoka.

Vigumu vichache havihitaji hata kimumunyishi. Kafuri na nafthalini, ile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo, hugeuka mvuke bila kupitia hali ya kioevu. Vikipashwa moto polepole chini ya kioo baridi, mvuke hugandia kwenye kioo ukiwa safi na uchafu usiogeuka mvuke hubaki chini.

## Ukenekaji

Ukenekaji ni kuchemsha kioevu, kuupoza mvuke wake na kuyakusanya matone. Vyombo vyake vya msingi ni flaski ya kuchemshia, kipimajoto, kipoza mvuke chenye maji baridi yanayozunguka nje yake, na chupa ya kupokelea. Vipande vichache vya kigae hutiwa katika flaski kabla ya kuwasha moto, ili kioevu kisichemke kwa kurukaruka. Visitiwe wakati kioevu kimekwisha pata moto, kwa maana kinaweza kufoka ghafla.

Vioevu viwili vikipishana sana katika kiwango cha kuchemka, ukenekaji wa mara moja hutosha. Vikikaribiana, mambo hubadilika. Katika madaftari mengi huandikwa kwamba mchanganyiko wa ethanoli na maji ukichemshwa, ethanoli yote hutoka kwenye 78 °C, kisha maji hufuata kwenye 100 °C. Sivyo. Mvuke hubeba vyote viwili tangu tone la kwanza. Ila una ethanoli nyingi zaidi kuliko kioevu ulikotoka. Mvuke huo ukipozwa na kuchemshwa tena, ethanoli huongezeka tena, na kadhalika. Mnara wa kukenekea, yaani bomba la wima lililojazwa vipande vya kioo juu ya flaski, hufanya marudio hayo yote kwa pamoja: mvuke hupanda, hugeuka kioevu juu ya kioo, huchemshwa na mvuke unaofuata, hupanda tena. Minara mikubwa ya kusafishia mafuta ghafi, kama ile ya Changamwe mjini Mombasa iliyoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, hutumia kanuni hii. Hata hivyo petroli na mafuta ya taa yanayotoka humo si kampaundi moja moja. Kila aina ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi zinazochemka karibu karibu.

Ethanoli na maji vina kikwazo kingine. Ethanoli ikifika asilimia 95.6 ya uzito, mvuke na kioevu huwa na viwango vilevile vya ethanoli na maji. Tofauti imekwisha, na kuendelea kukeneka hakuongezi kitu. Maji yaliyobaki huondolewa kwa njia nyingine, kwa mfano kwa chokaa isiyozimwa, ambayo hufungamana na maji na kuiacha ethanoli.

Jambo hili lina uzito nje ya maabara. Mitambo ya gongo, inayoitwa chang'aa nchini Kenya, ni ukenekaji wa mara moja: pipa, bomba na maji ya kupozea. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa methanoli huchemka kwenye 64.7 °C, kumwaga kikombe cha kwanza kunaiondoa yote. Hesabu hiyo ina kosa lilelile la madaftarini. Methanoli iliyomo katika mchanganyiko wa ethanoli na maji huendelea kutoka pamoja na ethanoli wakati wote wa kukeneka. Ni kweli kwamba pombe iliyochachushwa kwa nafaka au sukari huwa na methanoli kidogo sana. Maafa makubwa yametokana na watu kuongeza methanoli ya viwandani ili kuongeza ukali. Mwaka 2000 na tena mwaka 2014 watu wengi walikufa nchini Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Ini hugeuza methanoli kuwa formaldehidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva za macho. Baadhi ya walionusurika hubaki vipofu. Hakuna mtu anayeweza kuitambua kwa kuonja, wala kwa kutazama rangi ya moto pombe inapowashwa.

Kampaundi inayoharibika kabla ya kuchemka hukenekwa katika shinikizo dogo. Pampu ikipunguza hewa ndani ya vyombo, kioevu huchemka kwa joto la chini. Njia ya pili ni kutumia mvuke wa maji, nayo ina mfano mzuri wa nyumbani.

## Mvuke wa maji na mafuta ya karafuu

Karafuu hunukia kwa sababu ya eujenoli, kampaundi inayochemka kwenye 254 °C. Kuipasha karafuu kavu hadi joto hilo ni kuiunguza. Lakini karafuu zikichemshwa na maji, au zikipitishiwa mvuke, mafuta hutoka chini kidogo ya 100 °C.

Sababu yake ni kwamba mafuta na maji havimumunyishani. Kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na mchanganyiko huchemka pale jumla ya mashinikizo ya mivuke miwili inapolingana na shinikizo la hewa. Maji peke yake yangefika hapo kwenye 100 °C. Yakisaidiwa na eujenoli, hata kwa kiasi kidogo sana, hufika mapema. Mchango wa eujenoli katika mvuke ni mdogo kwa idadi ya molekuli, lakini molekuli yake moja ina uzito wa 164 na ile ya maji ina 18 tu. Ni mara 9, na kwa uzito huo kazi inalipa.

Kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, hukeneka mafuta kwa njia hii. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Karafuu zenyewe zina mafuta asilimia 15 hadi 20, na makonyo yana asilimia 5 au 6 hivi, lakini karafuu zina bei nzuri sokoni zikiwa kavu, na makonyo yangetupwa. Katika chombo cha kupokelea, anayetarajia mafuta yaelee kama yale ya nazi hushangaa: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo hutulia chini.

## Uvutaji kwa vimumunyishi

Uvutaji ni kuhamisha kampaundi kutoka kimumunyishi kimoja kwenda kingine kisichochanganyika nacho. Mara nyingi kimoja ni maji na kingine ni etha au kimumunyishi cha jamii yake. Vyote hutiwa katika faneli ya kutenganishia yenye bomba chini, hutikiswa, gesi hutolewa mara kwa mara, kisha faneli huachwa hadi tabaka mbili zitengane. Etha huwaka kwa urahisi mno na mvuke wake hutambaa mezani. Pasiwe na moto wowote chumbani.

Mama anayesuuza nguo anajua kanuni kuu ya kazi hii: maji ya ndoo moja yakigawanywa mara mbili au tatu husuuza vizuri kuliko yakimwagwa yote kwa mara moja. Tuseme kampaundi humumunyika katika etha mara 4 zaidi kuliko katika maji, na kuna gramu 10 katika mililita 100 za maji. Mililita 100 za etha zikitumika mara moja, gramu 2 hubaki katika maji. Etha hiyohiyo ikitumika mara mbili, mililita 50 kila mara, hubaki gramu 1.1 tu.

Uwezo mkubwa zaidi wa njia hii hutokana na asidi na besi. Kampaundi nyingi za kaboni hupenda etha kuliko maji, lakini ikiwa ni asidi, kuitikisa pamoja na besi huigeuza kuwa chumvi, na chumvi hupenda maji. Mafuta ya karafuu yana eujenoli pamoja na vitu vingine kama kariofileni, ambayo ni hidrokaboni. Eujenoli ni fenoli, na fenoli ni asidi hafifu. Mafuta yakitikiswa pamoja na mmumunyo wa kostiki soda, eujenoli hugeuka chumvi na kuingia katika maji. Kariofileni haina cha kufanya na kostiki, hubaki juu. Tabaka la maji hutengwa, hutiwa asidi, na eujenoli hurudi ilivyokuwa, hujitenga na maji na kukusanywa. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kwa kuzibia meno.

Kwinini husafishwa kwa njia hiyohiyo lakini kinyume, kwa kuwa yenyewe ni besi. Pierre Pelletier na Joseph Caventou waliitenga mjini Paris mwaka 1820 kutoka katika magome ya mkwinini. Unga wa magome huchanganywa na chokaa ili kwinini iwe huru, huvutwa kwa kimumunyishi cha kaboni, kisha hutikiswa na asidi ya salfuriki nayo huhamia katika maji ikiwa chumvi. Magome hayo yamekuwa yakisindikwa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Dawa nyingine ya malaria inaonyesha jinsi uchaguzi wa kimumunyishi unavyoweza kuwa ndiyo kazi yote. Nchini China, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakichunguza mimea ya tiba ya asili, na mmea wa Artemisia annua ulitoa matokeo yasiyotabirika: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 aliona kwamba mmea huo hulowekwa katika maji na kukamuliwa. Hakuna pahali palipotajwa kuchemsha. Akashuku kwamba joto huiharibu dawa. Mwaka 1971 alitumia etha, inayochemka karibu na 35 °C, kisha akaitenga sehemu yenye asidi, ambayo ilikuwa na sumu na haikutibu, na kubakiza sehemu isiyo asidi. Sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Fuwele za artemisinini zilipatikana mwaka uliofuata, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto zinazotolewa leo katika zahanati zetu zina kampaundi zinazotokana na artemisinini.

## Kromatografia

Mrusi Mikhail Tsvet, akifanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, alimimina rangi zilizovutwa kutoka katika majani juu ya bomba la kioo lililojaa unga wa chokaa. Alipoongeza kimumunyishi, rangi moja ya kijani iligawanyika katika mikanda ya kijani na njano. Jina alilolitoa linatokana na maneno ya Kigiriki ya "rangi" na "kuandika", ingawa leo njia hii hutumika zaidi kwa vitu visivyo na rangi.

Katika kromatografia kuna kitu kinachotulia, kama karatasi au unga wa silika, na kitu kinachopita juu yake, yaani kioevu au gesi. Kampaundi inayoshikwa sana na kile kinachotulia huchelewa. Inayopenda kile kinachopita hutangulia. Jaribio la mchicha huweza kufanyika katika shule yoyote. Majani hutwangwa na asetoni kidogo, tone la maji yake huwekwa juu ya karatasi ya kuchujia, tone likikauka huongezwa jingine palepale, kisha ncha ya karatasi husimamishwa katika kimumunyishi. Karotini ya manjano hupanda mbali zaidi, klorofili hubaki nyuma. Mstari wa kuanzia uchorwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nao utapanda, na tone liwe juu ya usawa wa kioevu, la sivyo litaoshwa na kuishia ndani ya chombo.

Umbali uliosafiriwa na doa ukigawanywa kwa umbali uliosafiriwa na kimumunyishi hutoa namba inayotambulisha kampaundi katika hali hizo. Doa lililopanda sentimita 3.6 wakati kimumunyishi kimepanda sentimita 6.0 lina 0.6. Katika maabara za kemia ya kaboni kibao chenye tabaka jembamba la silika hutumika badala ya karatasi, na madoa yasiyo na rangi huonekana chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Kwa kiasi kikubwa zaidi silika hujazwa katika bomba, na matone hukusanywa katika chupa moja baada ya nyingine.

## Kujua kama kampaundi ni safi

Kusafisha na kujua kwamba umesafisha ni kazi mbili. Kigumu kilicho safi huyeyuka katika nafasi finyu ya joto, kwa kawaida nyuzi 1 au 2. Uchafu hushusha kiwango hicho na kuitanua nafasi yenyewe. Asidi ya benzoiki safi huyeyuka kwenye 122 °C. Inayoanza kulainika kwenye 112 °C na kumaliza kwenye 118 °C inahitaji kurudishwa kwenye maji ya moto.

Kipimajoto peke yake hakitoshi kutambua kitu. Urea huyeyuka karibu na 133 °C, na asidi ya sinamiki vilevile. Mtu aliyepewa unga mweupe unaoyeyuka kwenye 133 °C huuchanganya na urea anayoijua: mchanganyiko ukiyeyuka palepale, unga ni urea, ukiyeyuka chini sana, ni kitu kingine.

Kuna tofauti ambazo hata jaribio hilo halizioni kirahisi. Baadhi ya molekuli huwa na maumbo mawili yanayolingana kama mkono wa kulia na wa kushoto, yenye viwango vilevile vya kuyeyuka na kuchemka. Mwaka 1848 Louis Pasteur alizitenganisha fuwele za chumvi moja ya asidi ya tartari kwa kuzitazama kwa makini na kuziokota moja moja kwa kibano, za kulia huku na za kushoto kule. Alikuwa na bahati, kwa kuwa kampaundi chache tu hutoa fuwele zilizotengana hivyo.

Vioevu hupimwa kwa kiwango cha kuchemka, na siku hizi zaidi kwa kromatografia ya gesi. Gharama ya kutopima ilionekana mwaka 2022. Mwezi Oktoba Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana nchini Gambia, ambazo zilikuwa na dietilini glikoli na etilini glikoli. Vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa nazo. Dawa za namna hii hutengenezwa kwa gliserini au propilini glikoli, vioevu visivyo na madhara kwa kiasi kinachotumika. Zile mbili zenye sumu huua figo. Zote nne ni angavu, nzito kidogo, na zina utamu. Katika pipa hazitofautiani kwa macho wala kwa ulimi, lakini juu ya kibao cha silika madoa yake huweza kutengana, na kromatografia ya gesi huonyesha kiasi chake. Kipimo hufanywa kwa malighafi kabla haijaingia katika dawa, na kwa kila pipa, kwa kuwa mapipa mawili yenye lebo moja yanaweza kuwa na vitu viwili.